Umepata cheti cha CMA na umeajiriwa kliniki Marekani, fanya hivi kuanzia asubuhi mpaka mnafunga

Hii nawaandikia wale waliokaa CNA, yaani wasaidizi wa manesi, miaka nenda rudi kwenye nyumba za wazee huku Marekani, mgongo umechoka, shifti za usiku zimewamaliza, sasa wamerudi shule wamepata CMA, cheti cha msaidizi wa kliniki (medical assistant, kwa kifupi MA), na Jumatatu wanaanza kliniki na tumbo linawakoroga kwa woga. Mimi nilikuwa hivohivo. Kazi yenyewe haitaki nguvu kama ile ya kugeuza wazee kitandani, ugumu wake uko kwingine: wewe ndo mtu wa kwanza kukaa na mgonjwa, na namba utakayoandika dokta anaipokea kama ilivyo, mara nyingi hapimi tena, anaamulia dawa hapohapo. Ukikosea, kosa lako linatembea mpaka famasi na mpaka mdomoni kwa mtu.

Kabla ya yote, cheti

Watu wanachanganya herufi za vyeti na za mashirika yanayovitoa. CMA inayotolewa na AAMA ni moja, CCMA ya NHA ni nyingine, RMA ya AMT nyingine tena, na zote zinakufikisha kliniki, ila kila mwajiri ana anayoipenda kwa hiyo soma tangazo vizuri. Alafu kuna mtego: kwenye baadhi ya majimbo, kama Kansas na Oklahoma, CMA ni mtu wa kugawa dawa kwenye nyumba za wazee, kazi tofauti kabisa. Nina rafiki aliomba kazi akaenda mpaka kwenye usaili ndo anagundua.

Ya AAMA, mtihani wake ni maswali 200 ya kuchagua, 180 ndo yanahesabiwa, mengine 20 wanayajaribisha tu na hujui ni yapi, unakaa vipindi vinne vya dakika 40. Njia ya kawaida ni uwe umetoka shule iliyoidhinishwa na CAAHEP au ABHES, ambao ndo wakaguzi wa shule hizi, kwa hiyo usije ukalipa ada shule yoyote ya mtaani kabla hujauliza hilo. Cheti kinaishi miezi 60, baada ya hapo unakihuisha kwa pointi 60 za masomo ya kuendelea au unarudia mtihani, na cheti chako cha CPR (kumuokoa mtu moyo ukisimama) lazima kiwe hai. Anza kukusanya pointi mwaka wa kwanza jamani, nimeona watu wanakesha mwezi wa mwisho.

Mshahara, kwa sababu najua ndo mnachotaka kuuliza: takwimu za serikali za Mei 2023 zinaweka mshahara wa katikati kwa MA nchi nzima kwenye dola 42,000 kwa mwaka. Sio utajiri. Ila kliniki nyingi ni mchana, Jumatatu mpaka Ijumaa, na kwa mtu aliyelea watoto akitokea shifti ya usiku hiyo nayo ni sehemu ya malipo.

Hatua ya 1: fika mapema, anzia kwenye friji

Kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, friji ya chanjo. Inatakiwa iwe kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, ambayo kwa vipimo vya huku ni 36 mpaka 46 za Farenhaiti. Andika joto la sasa, na la juu kabisa na la chini kabisa lililofika usiku, sio unaangalia namba iliyopo sasa hivi tu, kwa sababu friji inaweza kuwa iliganda saa nane usiku ikarudi vizuri asubuhi na wewe usijue kitu, na zipo chanjo zikiganda mara moja zimekufa. Ukikuta imetoka nje ya mstari usitupe chochote na usitumie chochote, zitenge zikiwa bado kwenye baridi inayotakiwa, bandika karatasi USITUMIE, mwite msimamizi. Na usipange chanjo kwenye mlango wa friji, hapo joto linapanda na kushuka kila ukifungua.

Alafu kipimo cha sukari kifanyie kontroo, yaani kijaribu uone kinasoma sawa, angalia tarehe za vibao vya kupimia mkojo na koo, jaza vyumba. Pitia ratiba ya siku nzima na karatasi pembeni: nani anahitaji ECG (kipimo cha umeme wa moyo), nani majibu ya hospitali hayajafika, mtoto gani anapata chanjo. Kliniki nyingi wana kikao kidogo cha asubuhi cha dakika tano kumi mmesimama, hapo ndo pa kumwambia dokta "wa saa nne na nusu aliruhusiwa hospitali juzi na karatasi zake sina". Ukisema saa mbili kuna muda wa kupiga simu zifaksiwe. Ukisema saa nne na nusu ni lawama tu.

Hatua ya 2: kumwita mgonjwa

Toka mlangoni, ita jina, subiri, usipige kelele jina na ugonjwa pamoja. Mkishaingia ndani omba jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, ila aseme yeye. Usimuulize "wewe ndo fulani wa tarehe fulani ee?" kwa sababu mtu mwenye masikio mabovu, au mgeni wa lugha, au mwenye woga tu, atakujibu ee. Watu wetu hasa, mtu akiona nguo za hospitali anaitikia kila kitu kwa heshima. Muache ataje mwenyewe, wewe macho yako kwenye kompyuta yanalinganisha. Na hili unalirudia kabla ya sindano, kabla ya kutoa damu, kabla ya kumpa karatasi yoyote, hata kama mmeonana dakika kumi zilizopita na anaona unamchosha.

Hatua ya 3: vipimo vya mwanzo, hapa tukae kidogo

Presha ndo inayoharibiwa kuliko kitu chochote kliniki, na inaharibiwa na haraka. Mtu ametoka parking anakimbia kwa sababu amechelewa, umemweka kwenye kiti, mkanda juu ya sweta, miguu inaning'inia kwenye kitanda cha uchunguzi, unamuuliza maswali huku mashine inajaza upepo. Kila kimoja hapo kinapandisha namba. Inavyotakiwa: akae kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili chini bila kukunja nne, mkono umepumzika juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi, kibofu kitupu, akae kimya dakika 5 na asiongee wakati inapima, na wewe pia funga mdomo.

Saizi ya mkanda nayo. Kile kifuko cha upepo kinatakiwa upana wake uwe kama asilimia 40 ya mzunguko wa mkono na urefu wake asilimia 80. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unakupa presha ya uongo ya juu, yaani mtu mzima anaweza kuanzishiwa dawa ya maisha kwa sababu ulikuwa mvivu wa kwenda chumba cha tatu kuchukua mkanda mkubwa.

Nikupe mfano mmoja. Mzee mmoja wa Kiswahili, kipindi cha baridi, kaingia na koti lake zito anahema. Mwenzangu kapima akapata 168 kwa 96, kaandika, anataka kutoka. Nikamwambia ngoja. "Shikamoo mzee wangu, hebu vua hilo koti kwanza, choo umeenda?" Akacheka, akasema tangu atoke nyumbani ameibana. Akaenda, akarudi, akakaa, nikamwambia mzee tukae kimya kidogo kama tuko msibani, akatulia. Baada ya dakika tano 138 kwa 84. Nikasubiri dakika moja nikarudia, 136 kwa 82. Bado iko juu kidogo kwa miongozo ya Marekani ya 2017, ambayo inahesabu presha ya juu kuanzia 130 kwa 80, lakini mazungumzo yake na dokta yakawa mengine kabisa. Namba zote andika, ile ya kwanza usiifute, weka maelezo kwamba alikuwa ametoka kutembea.

Usipime presha mkono wenye fistula ya dialisisi, ule mshipa uliounganishwa kwa ajili ya kusafishia damu mtu wa figo. Ukiona mama amefanyiwa operesheni ya titi na kuondolewa tezi za kwapa, tumia mkono wa upande mwingine. Uliza kabla, usisubiri akuambie.

Mapigo ya moyo, kama yanaruka usihesabu sekunde 15 ukazidisha, hesabu dakika nzima. Pumzi hesabu bila kumwambia, bado umeshika kifundo cha mkono kama unapima mapigo, kwa sababu mtu akijua unahesabu pumzi zake anaanza kupumua kama mwanajeshi. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasumbuliwa na rangi nzito ya kucha na vidole vya baridi, pasha mkono joto au hamia kidole kingine. Homa wengi huku wanaihesabu kuanzia 100.4 ya Farenhaiti, ambayo ndo 38 yetu.

Uzito sasa. Kosa langu mwenyewe hili, na silisahau. Kliniki niliyoanzia mzani ulikuwa unasoma paundi na kompyuta ilikuwa na visanduku viwili, paundi na kilo, vimekaa jirani. Mtoto alikuwa paundi 24. Nikaandika 24 kwenye kilo. Yaani mtoto wa kilo 11 hivi nimemfanya wa kilo 24, na dawa za watoto zinahesabiwa kwa kilo, kwa hiyo dozi inatoka zaidi ya mara mbili. Dokta aliangalia skrini, akamuangalia mtoto aliyepakatwa na mama yake, akaangalia skrini tena, akaniita nje. Hakunigombeza, aliniuliza tu "huyu mtoto ukimbeba unaona ana kilo 24?" Kuanzia siku ile uzito wa mtoto nauandika alafu namtazama mtoto, na nalinganisha na ule wa mara ya mwisho. Kama kwenu mzani unaweza kubadilishwa usome kilo moja kwa moja, omba ubadilishwe.

Hatua ya 4: maswali

Sababu ya kuja, iandike kwa maneno ya mgonjwa. Akisema "kifua kinabana nikipanda ngazi" andika hivo, usiandike "anjaina" (maumivu ya moyo kukosa damu ya kutosha). Hiyo ya pili ni kazi ya dokta na ukiiandika wewe umemfunga macho.

Dawa: mwambie atoe chupa zenyewe kwenye mfuko. Usisome orodha ya kompyuta ukamuuliza "bado unatumia hizi zote?" maana utajibiwa ee kama kawaida. Uliza "hii unameza vipi? leo umemeza?" Hapo ndo unasikia kwamba ya presha anameza siku kichwa kikimuuma tu, au aliacha mwezi wa pili kwa sababu bei ilipanda. Uliza na za kienyeji, na za dukani, na ile aliyopewa na shemeji yake. Usikunje uso akikutajia, ukikunja uso mara moja hatakutajia tena.

Aleji, kila mara uliza na inamfanyaje. Kuumwa tumbo kwa antibayotiki na kuvimba koo ni vitu viwili tofauti mno, ila kwenye chati vyote vinakaa kama aleji usipoandika.

Kuna fomu ya huzuni, PHQ-9, maswali tisa. Wengi wanaisoma kama wanasoma menyu. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujiumiza, na mtu akitia alama yoyote hapo zaidi ya "hapana kabisa", usiingize namba ukaondoka. Unamwambia dokta muda huohuo, ana kwa ana, na mgonjwa haachwi peke yake mpaka dokta aseme. Hakuna "nilimwandikia ujumbe kwenye sistimu".

Lugha, na hili ni letu

Kwa kuwa unaongea Kiswahili utaitwa. Kila chumba chenye Mkongo, Mtanzania, Mkenya, Msomali aliyekaa kambini Kenya, utasikia "njoo mara moja ututafsirie". Kusalimia, kumuelekeza choo, kumtuliza bibi, sawa, fanya kwa moyo wote. Kutafsiri ugonjwa na dawa ni kitu kingine. Kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010 kinataka kliniki inayopokea fedha za serikali kuu impe mgonjwa mkalimani aliyefuzu, bure, na kinakataza kutumia mtoto mdogo kama mkalimani isipokuwa dharura ambayo mkalimani hapatikani muda huo. Kama kliniki haijakupima ukathibitishwa kwa kazi hiyo, sema kwa adabu kwamba tupige laini ya wakalimani, wewe ukae pembeni. Sio kwamba Kiswahili chako kibaya. Ila Kiswahili cha Lubumbashi na cha Tanga kinaachana, na siku dozi imeeleweka vibaya wataulizwa nani alitafsiri.

Na siri. Jamii yetu ni ndogo, jumamosi utamkuta mgonjwa wako kwenye harusi, jumapili kanisani. Yeye ndo aanze salamu, na usimuulize "dawa imekusaidia?" mbele ya watu, hata kama ni mama mdogo wako. Na faili la ndugu yako usilifungue kama hakuna kazi inayokupeleka pale, hata akikuomba mwenyewe umwangalizie majibu. Sistimu inaandika nani kafungua nini na saa ngapi, na HIPAA, sheria ya siri za wagonjwa ya 1996, haijui mambo ya shangazi. Nimeshuhudia mtu anaondoka na kiboksi chake cha vitu kwa sababu hii.

Hatua ya 5: sindano

Wakati unaandaa dawa soma kichupa mara tatu: ukikitoa, ukivuta, ukirudisha. Jina, nguvu, tarehe ya mwisho. Chanjo nyingi za watu wazima zinaingia kwenye msuli wa bega, sindano wima nyuzi 90. Tafuta ncha ya mfupa wa juu wa bega, shuka vidole viwili mpaka vitatu, hapo ndo pako. Ukipiga juu sana unaingia kwenye kiungo na mtu anaumwa bega miezi. Wewe na mgonjwa muwe usawa mmoja, wewe umekaa na yeye amekaa, kwa sababu ukisimama mkono wako unaelekea juu wenyewe. Mtoto mchanga ni paja, upande wa mbele nje. Za chini ya ngozi nyuzi 45. Ya kupima TB ni ya ndani ya ngozi, nyuzi 10 mpaka 15, mililita 0.1, lazima uone kidonge kimevimba hapohapo, kisipovimba umeingia ndani sana. Anarudi baada ya saa 48 mpaka 72, na ule uvimbe mgumu unautafuta kwa vidole alafu unaupima kukatisha mkono, wekundu usiupime.

Karatasi ya maelezo ya chanjo ya CDC, idara ya serikali ya kudhibiti magonjwa, anapewa kabla hujamchoma. Andika lot namba (namba ya toleo la chanjo), kampuni, tarehe ya mwisho, mkono gani. Alafu dakika 15 akae unapomuona, hasa vijana, hao ndo wanaoanguka, hata wa kiume wenye miili, sijui kwa nini wanajikaza.

Sindano ikitoka mwilini inaenda sefti boksi moja kwa moja, usiirudishie kofia. Boksi likifika robo tatu linafungwa, usisukume. Ukijichoma: osha kwa maji na sabuni, toa taarifa dakika hiyohiyo, usijifanye umepona. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, na mwisho wake ni saa 72. Watu wanaficha kwa aibu mpaka saa zinapita.

Hatua ya 6: damu

Mpira wa kufungia mkono usizidi dakika moja. Kama bado unatafuta mshipa fungua, pumzika, anza upya. Mpangilio wa tyubu una sababu zake: kama kuna za kuotesha vijidudu zinatangulia, kisha bluu nyepesi, nyekundu au ya dhahabu, kijani, zambarau, mwisho kijivu. Ile zambarau ina EDTA ya potasiamu, dawa ya kuzuia damu isigande, tone lake likihamia kwenye tyubu ya dhahabu mgonjwa anaonekana potasiamu iko juu na kalsiamu iko chini, na mtu mzima wa afya yake anapigiwa simu usiku aende imajensi. Bluu lazima ijae mpaka kwenye alama, isipojaa maabara wanaitupa. Pindua taratibu, usitikise kama unachanganya juisi, chembe za damu zikipasuka potasiamu nayo inapanda kwa uongo.

Lebo zinabandikwa baada ya kutoa damu, mgonjwa bado amekaa mbele yako, na anakutajia tena jina na tarehe. Sio kabla, na sio kule kwenye kaunta na tyubu za watu wawili mkononi. Ukijaribu mara mbili ukakosa mshipa mwite mwenzio, hakuna sifa ya mara ya tano.

ECG nitasema kwa kifupi. Vibandiko vya kifuani vinaitwa V1 mpaka V6: V1 na V2 zinakaa nafasi ya nne kati ya mbavu, kulia na kushoto kwa mfupa wa kifua, kisha ruka uweke V4 nafasi ya tano mstari wa katikati ya mtulinga, V3 inakuja katikati ya V2 na V4, alafu V5 na V6 usawa uleule wa V4 kuelekea kwapani. Hesabu mbavu kwa kidole, usikadirie kwa macho. Ukibadilisha waya wa mkono wa kulia na wa kushoto karatasi inatoka kama mtu mwenye moyo upande wa kulia. Kwa mama, nyanyua titi kwa nyuma ya mkono wako na umwambie kabla unafanya nini, na umfunike.

Hatua ya 7: mpaka wako

Hutoi ushauri wa ugonjwa, husomi majibu ukayatafsiri, huamui dawa. Mtu akipiga simu "kifua kinabana na mkono umekufa ganzi" huanzi kumhoji na humpangii miadi ya alhamisi. Kinachofuata ni kile kilichoandikwa kwenye utaratibu wa kliniki yenu, yaani nesi au dokta anashika simu sasa hivi au mgonjwa anaambiwa apige 911, namba ya dharura. Akikuuliza "wewe unaonaje, ni kawaida hii?" jibu ni "ngoja nimuulize dokta nikupigie", na umpigie kweli.

Sheria zinabadilika jimbo kwa jimbo. Washington lazima uwe na kibali cha idara ya afya ya jimbo ndo ufanye hii kazi, cheti peke yake hakitoshi. California MA haruhusiwi kuanzisha wala kutoa dripu. Kwa hiyo rafiki yako wa jimbo lingine akikuambia "sisi huku tunafanya" usimsikilize, na hata msimamizi akikuambia fanya tu tumezidiwa, omba uoneshwe imeandikwa wapi. Nilishakataa mara moja, nikanuniwa wiki nzima, kazi ikaendelea.

Hatua ya 8: mchana wote uliobaki

Hakuna anayekuambia shuleni kwamba nusu ya siku ni simu na karatasi. Kibali cha bima kwa ajili ya dawa au MRI: kuwa na maelezo ya dokta yaliyosainiwa, dawa alizojaribu zamani na kwa nini zilishindwa, ndo kitu bima wanauliza kila mara, kwa hiyo ziandike mahali pamoja kabla hujapiga na usikae dakika arobaini ukisikiliza muziki alafu unaulizwa kitu huna. Andika jina la uliyeongea naye na namba ya kumbukumbu. Kuongezewa dawa unaandaa wewe, dokta ndo anasaini. Rufaa usiihesabu imeisha kwa sababu umetuma faksi, imeisha ukijua mgonjwa ana tarehe mkononi. Mimi nina daftari la kawaida la karatasi, kila rufaa mstari mmoja bila jina, namba ya chati tu, linalala kwenye droo ya kliniki yenye kufuli, na ijumaa mchana napitia isiyo na tiki.

Kufunga: chati zako zote zisainiwe siku hiyohiyo, ya kesho utakuwa umesahau mkono gani. Sampuli zote ziwe zimeondoka na mtu wa maabara, fungua kile kiboksi uangalie kwa macho, nimewahi kukuta tyubu imelala nyuma kabisa saa kumi na moja na nusu gari limeshaondoka na mama wa watu ilibidi arudi kesho yake kuchomwa upya. Toka kwenye kompyuta, futa meza za vyumba, rudi kwenye friji uandike joto la jioni. Mlango uvute kwa mkono mpaka usikie umeshika, alafu kabadili viatu uende nyumbani.